Dakika Ishirini hadi Milimbo

Kulikuwa na nchi moja, na tafadhali asinibane mtu niitaje jina, maana nina watoto wanaosoma na nyumba ambayo haijaisha kuezekwa. Nchi hiyo haikukosa kitu. Ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa mrefu kuliko mchezo wenyewe unaoimbiwa, wizara ambazo hata mawaziri hawakuzijua zote, na juu ya hayo ilikuwa na Kiongozi asiyelala. Nasema asiyelala kabisa, hata lepe la usingizi. Jina lake rasmi, lililotajwa lote mwanzo wa taarifa ya habari na kurudiwa lote mwishoni, lilikuwa Mtukufu Mwangalizi, Jicho la Taifa Lisilofumba. Wananchi waliolalamikia kunguni waliambiwa washukuru, kwani yuko mwenzao ambaye hata kitanda hana.

Nchi hiyo ilikuwa pia na sheria moja nzuri, ambayo nashangaa wengine hawajaiiga. Jambo likisemwa jukwaani na Mtukufu, likapigiwa makofi, basi limekuwa. Mwaka fulani alisema mavuno yamejaa maghalani. Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo kila aliyeonekana amekonda alikamatwa na kuulizwa chakula chake amemuuzia nani.

Katika nchi hiyo aliishi Bwana Mbaruku Tindwa, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Umbali na Muda. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wapi ni mbali na wapi ni karibu. Zamani, kabla hajanenepa, aliifanya kwa kupima. Baadaye aligundua kwamba kupima kunachosha na hakumpandishi mtu cheo, akaacha. Akili alikuwa nayo, tena nyingi. Tatizo ni kwamba alitamani uwaziri, na tamaa hiyo ilimkalia kichwani mpaka akili ikakosa pa kukaa.

*

Mambo yalianza siku Mtukufu aliporuka kwa ndege kutoka Dungamano, mji wa tambarare, kwenda Milimbo, mji ulio ng'ambo ya Mlima Nguvi, kufungua uwanja mpya wa ndege. Kila mtu aliyewahi kusafiri njia hiyo anajua ni dakika hamsini. Unapita mashamba ya mkonge, unapita ziwa, unapanda juu ya mlima huku tumbo likipanda nawe, halafu unashuka. Si siri ya serikali. Hata mbuzi wa Milimbo wanajua saa ya ndege.

Sasa, Mtukufu alikuwa amekula Dungamano pilau ya mbuzi, na baada ya pilau akala kuku, na baada ya kuku akaombwa aonje samaki ili wavuvi wasijisikie vibaya. Akapanda ndege, akakaa kwenye kiti chake chenye mito, na kabla hawajalifikia ziwa akaanza kukoroma. Hakukoroma kidogo. Vikombe viligongana. Mbaruku aliketi nyuma yake na kusikia kila kitu, lakini kwa kuwa Mtukufu halali, hakuna aliyekuwa na haki ya kusikia. Mawaziri walikodolea macho madirisha. Mhudumu wa ndege alipita akitabasamu kana kwamba ile ni injini.

Alipoamka walikuwa wanashuka. Akafuta mdomo, akapanda jukwaani, akawaambia wananchi wa Milimbo kwamba ametoka Dungamano sasa hivi, ameitazama saa yake mwenyewe, na safari nzima imechukua dakika ishirini.

Kimya kikapita, kifupi tu, cha mtu kumeza mate. Maana ukisema ni hamsini, utaulizwa zile thelathini zimekwenda wapi, na jibu lake ni moja, na jibu hilo ni uhaini. Katika kimya hicho Mbaruku akaona mlango wa uwaziri umefunguka. Akapiga makofi wa kwanza. Alipiga mpaka saa ikamvuka mkononi. Uwanja mzima ukafuata, na tangu hapo kutoka Dungamano hadi Milimbo ni dakika ishirini.

*

Kesho yake Mbaruku aliingia kazini mapema, jambo lililowashtua wafagizi. Aliagiza ramani mpya. Mchoraji alimuuliza kwa unyenyekevu Mlima Nguvi uwekwe wapi sasa, kwa kuwa nafasi imebanwa. Mbaruku akamwambia auweke pembeni, kwenye bahari, hapana mtu anayepita huko. Mwalimu mmoja wa jiografia alipinga. Alihamishiwa shule ya mlimani, ambayo kwa ramani mpya ilikuwa majini, na mshahara wake haukujua umfuate wapi.

Kisha akaigeukia barabara. Barabara ya Milimbo ilizunguka mlima na kumchukua mtu siku mbili. Mbaruku aliandika kwa uchungu wa kizalendo kwamba haifai nchi yenye safari ya dakika ishirini kuwa na barabara ya siku mbili, ni kama mtu mwenye suti kuvaa kandambili. Barabara ikafungwa. Daraja lake likang'olewa, na vyuma vyake vikajengewa tao la pongezi mbele ya uwanja wa ndege wa Dungamano. Tao lilipendeza sana. Watu wa vijiji vya njiani walilitazama gazetini, wasiweze kwenda kuliona.

Ikabaki ndege yenyewe, ambayo haikusoma tangazo. Iliendelea kuchukua dakika hamsini kwa ukaidi wa chuma. Hapo ndipo Mbaruku alipobuni kile kilichomletea nishani, yaani Mapokezi ya Angani. Dakika ya ishirini ikitimia, popote ndege ilipo, abiria walitangaziwa kwamba wamefika Milimbo. Kwa kuwa mtu aliyefika hafungi mkanda, walitakiwa kuufungua. Kwa kuwa mtu aliyefika hushusha mizigo, walisimama kuishusha. Kikundi cha ngoma kilichopanda nao kikaanza kuwapokea, kikicheza kwenye njia nyembamba katikati ya viti huku ndege ikirukaruka juu ya Mlima Nguvi na masanduku yakiwaangukia watu vichwani. Waliovunjika mikono walirekodiwa kuwa wameanguka mjini Milimbo kwa uzembe wao.

Ndivyo mambo yalivyokwenda, na kwa kweli watu walishazoea. Nchi ile watu walizoea upesi. Lakini Mbaruku hakupata uwaziri, akaanza kuhisi kwamba hajajipendekeza vya kutosha.

*

Ilipokaribia sikukuu ya kutimiza mwaka mmoja wa dakika ishirini, aliandaa Safari Safi, yaani ndege itakayokwenda Milimbo kwa dakika ishirini za kweli, bila Mapokezi ya Angani. Waziri wa Uchukuzi na Shangwe, Mheshimiwa Pandu Mavere, mtu mwenye tumbo la mbele na shingo ya nyuma, alikuwa amemwambia kwamba Mtukufu ataifuatilia safari hiyo redioni, na kwamba kuna kiti cha waziri kitakachoachwa wazi kwa sababu aliyekikalia amepiga makofi kwa mkono mmoja, eti mwingine una jipu. Mbaruku hakulala. Asubuhi akatoa amri kwamba ndege ya Safari Safi iwekewe mafuta ya dakika ishirini, basi. Aliandika kwamba kubeba zaidi ni kumwita Mtukufu mwongo kwa lita. Sentensi hiyo ilimpendeza hata akaisoma kwa sauti mara kadhaa peke yake ofisini. Na ili siku yenyewe ipate heshima, akasimamisha safari nyingine zote.

Je, alitaka watu wafe? Hapana, jamani, tusimwonee. Mbaruku alitegemea, kama wakubwa wote wa nchi ile walivyotegemea, kwamba yuko mtu wa chini atakayeivunja amri yake kimyakimya na kuokoa watu. Nchi nzima ilisimama juu ya watu hao. Wakubwa waliamuru upuuzi asubuhi, wadogo wakaukwepa mchana, na jioni wakubwa wakapongezana kwamba amri imefanya kazi.

Saini ilikuwa haijakauka simu ilipolia. Alikuwa Saumu, binti wa marehemu dada yake, anayeishi na bibi yake kule Milimbo.

"Mjomba, bibi anakuita," alisema. "Hali si nzuri."

Hapa inabidi niseme kuhusu Bi Mwanakheri, mama yake Mbaruku, maana ndiye mtu pekee katika hadithi hii aliyemtia mwanawe hofu kuliko Mtukufu. Aliishi nyuma ya soko la ndizi la Milimbo, na kisukari kilikuwa kimemla macho yote mawili. Mumewe alipofariki, mwanawe wa pekee wa kiume hakuja kuzika. Siku hiyo iliangukia sherehe ya kuzaliwa kwa kiti cha Mtukufu, na Mbaruku alikuwa katibu wa kamati ya makofi. Badala ya kuja, alituma picha ya Mtukufu kwenye fremu ya dhahabu. Bi Mwanakheri akaifunikia mtungi. Tangu hapo hakumlaani mwanawe, ila hakumpa radhi pia, na Mbaruku, ambaye aliweza kuuhamishia mlima baharini bila jasho kumtoka, alikuwa akiamka usiku na kuliwaza jambo hilo moja. Mtu asiye na radhi ya mama anakwenda wapi? Hata awe waziri, anakwenda wapi?

Siku ile alimwomba Saumu ampe bibi simu, akamsihi mama yake amsamehe hapohapo. Alitaja kazi, alitaja taifa. Mama akamwacha amalize.

"Radhi haitumwi kwenye simu kama vocha," alisema. "Njoo nikuwekee mkono kichwani, nijue ni wewe. Nikiondoka kabla hujaja, utauomba udongo."

Mbaruku akaweka simu na kulia, kilio cha kweli, mlango ukiwa umefungwa ili katibu muhtasi asione. Halafu akaanza kutafuta njia ya kufika Milimbo. Barabara hakuna, aliing'oa mwenyewe. Ndege nyingine hakuna, alizisimamisha mwenyewe. Ikabaki Safari Safi.

*

Siku ilipofika, alikwenda uwanjani akiwa na kanzu mpya ya kumpelekea mama na moyo mzito kiasi. Bado alikuwa na tumaini lake lile. Rubani, Kapteni Lukindo, alikuwa mzee wa kazi anayekaribia kustaafu, mcheshi, mvivu wa kila kitu isipokuwa kutua salama. Mtu kama huyo, Mbaruku aliwaza, lazima amekwishajiongezea mafuta usiku. Nani angekubali kufa kwa ajili ya amri?

Kumbe Waziri Mavere naye aliijua nchi yake. Alikuwa ameweka askari kuyalinda matangi usiku kucha, ili kwa mara ya kwanza katika historia amri itekelezwe kama ilivyoandikwa.

Kapteni alimsubiri Mbaruku chini ya ngazi ya ndege. Hatua chache kutoka hapo alisimama Waziri na watu wa redio, bendi ikipiga. Kapteni akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mafuta yaliyomo yanatosha kulivuka ziwa na kuuona mlima kwa karibu sana, zaidi ya hapo ni kudura ya Mungu. Akasema hahitaji barua wala mkutano. Mkurugenzi ndiye aliyetoa amri, basi aseme neno moja, gari la mafuta lije.

Mbaruku alimtazama Waziri. Waziri akampungia mkono na kumwonyesha kidole gumba.

"Kapteni," alisema, "unataka kusema Mtukufu alilala?"

Swali hilo, katika nchi ile, halikuwa na mtu wa kulijibu. Kapteni Lukindo aliinua mabega, akasema yeye hasemi kitu, yeye anarusha tu, akapanda ngazi. Mbaruku akapanda nyuma yake. Mnaona wenyewe. Neno moja lingempeleka kwa mama yake, na hakulisema, kisha akapanda ndege isiyoweza kumpeleka huku akijua haiwezi. Watu wa aina hii ndio wanaotuongoza, samahani, ndio waliokuwa wakiwaongoza wale.

*

Ndege ikaruka. Nyuma ya Mbaruku walikaa wafanyabiashara wa Milimbo waliokwama Dungamano tangu safari ziliposimamishwa, akina mama wenye vikapu, mzee mmoja mwenye jogoo, na kikundi cha ngoma kilichoambiwa leo kisubiri mpaka watue kweli. Hakuna aliyejua habari za mafuta. Waliimba. Mbaruku alishika mikono ya kiti na kutazama mashamba ya mkonge yakipita upande wa kulia, akimwomba Mungu ambaye kwa muda mrefu alikuwa amempelekea salamu kupitia itifaki.

Walipofika ukingoni mwa ziwa, ndege ikalala ubavu. Ilijikunja taratibu, kwa adabu, hata jogoo hakustuka. Iliponyooka, mashamba ya mkonge yalikuwa upande wa kushoto.

Mbaruku akaelewa. Kapteni ameigawa safari katikati, nusu kwenda na nusu kurudi. Hawafi. Furaha ilimjaa mpaka akacheka peke yake, na jirani yake akacheka pia bila kujua kwa nini. Kisha akamkumbuka mama yake, na aliona aibu jinsi alivyofurahi. Akafungua mkanda, akaenda mbele, akaingia kwenye chumba cha rubani.

Alimwambia Kapteni kwamba mama yake yuko ng'ambo ya mlima, kwamba anakata roho, kwamba ana jambo naye. Alisema hayo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakutaja taifa.

Kapteni Lukindo akamwonyesha kipaza sauti cha redio.

"Ongea na uwanja," alisema. "Sema ni dakika hamsini. Tukitua watie mafuta, nami nitakupeleka kwa mama yako leo hii hii."

Mbaruku akakichukua. Akajitambulisha, akasema hapa ni Mkurugenzi wa Umbali. Sauti iliyomjibu haikuwa ya mwongozaji wa ndege. Ilikuwa ya Waziri Mavere, nene, iliyoshiba, ikimwambia aseme, taifa zima linamsikiliza, na Mtukufu mwenyewe amesogeza kiti karibu na redio.

Kapteni aligeuka kumtazama. Kule chini lile tao la pongezi lilikuwa limeshaanza kuonekana.

"Safari inaendelea vizuri," Mbaruku alisema, akakirudisha kipaza sauti mahali pake.

Kapteni hakumlaumu. Aliuliza tu kama atarudi kitini mwenyewe au aitiwe mtu wa kumshika.

*

Walitua Dungamano dakika ya ishirini ilipotimia. Kapteni Lukindo akawatangazia abiria kwamba, kwa mujibu wa sheria za nchi, wamefika.

Uwanjani bendi ilikuwa bado haijamaliza wimbo wa kuwaaga. Waziri alikuwa na soda mkononi. Alipoiona ndege inarudi alikaukiwa mate, na watu waliokuwa karibu naye wanasema jasho lilimtoka hadi kwenye tai. Sasa mlango unafunguka, redio ziko hewani, Mtukufu anasikiliza. Mtu mwingine angezimia. Lakini uwaziri haupewi mtu hivihivi. Mheshimiwa Pandu Mavere aliitazama saa yake, akaona dakika ni ishirini kamili, akapiga hesabu kichwani, na uso wake ukang'aa. Ndege iliyoruka dakika ishirini kutoka Dungamano iko wapi? Sheria inasemaje?

"Karibuni Milimbo," alisema kwenye vipaza sauti, na mikono yake ikakutana.

Makofi yalimfuata. Askari wakapanda ngazi na kuling'oa bango la Dungamano, wakaandika jina jipya kwa chokaa. Watu waliokuja kuwaaga jamaa zao waliamriwa wafute machozi na kuwapokea. Kikundi cha ngoma kikashuka kikicheza, kwa kuwa ndiyo kazi kiliyolipwa kuifanya. Mama mmoja mwenye kikapu alisema kwamba hapa ni Dungamano, maana yule anayeuza chai pale ni shemeji yake na bado anamdai kikombe. Polisi wawili wakamchukua kwa upole, kwa kosa la kuchelewa kuwasili. Muuza chai, alipoulizwa, alisema hamjui mama huyo na kwamba yeye ni mzaliwa wa Milimbo.

Mbaruku alimvuta Waziri pembeni. Alimwomba ndege nyingine, yoyote, hata ya kunyunyizia dawa mashambani. Waziri akamuuliza anataka kwenda wapi. Mbaruku akasema Milimbo, kwa mama. Waziri akamshika bega kama ndugu na kumkumbusha kwamba mama yake yuko mji huuhuu, ni suala la kutoka nje ya geti. Ama Mkurugenzi anataka kuliambia taifa kwamba hakufika? Kisha, bila kugeuza shingo, akamnong'oneza kwamba Mtukufu amepiga simu sasa hivi, amefurahi mno, na ameuliza jina la yule aliyeibuni Safari Safi linaandikwaje.

Hapo simu ya Mbaruku ikalia. Waandishi wa redio, walipoona kwenye kioo imeandikwa Mama, walisogeza vipaza sauti vyao. Mkurugenzi amefika tu, na mama yake kampigia tayari! Hii ilikuwa habari tamu. Waziri naye akasogea.

Alikuwa Saumu. Alisema haraka haraka kwamba redio imetangaza mjomba amefika Milimbo, kwamba bibi ameomba akalishwe kitandani na kuvishwa, kwamba yeye Saumu amekimbia hadi uwanjani na kurudi na hakuna ndege iliyoshuka, hata kunguru. Akauliza amwambie nini bibi. Kabla hajajibiwa ikasikika sauti nyingine nyuma yake, ikiagiza simu isogezwe na sauti ifunguliwe chumba kizima kisikie.

"Redio nimeisikia, sina shida nayo," alisema Bi Mwanakheri. Alipumua kwa kazi. "Wewe ndiye nakuuliza, Mbaruku. Umefika?"

Vipaza sauti vilikuwa vitano au sita, vyote mbele ya kinywa chake. Waziri alimtazama kwa upendo. Mbaruku alikuwa na nafasi ya kulitazama tao, lililojengwa kwa vyuma vya daraja, na akalitazama. Neno hapana lilikuwa limemfika ulimini, akalimeza, akaona lilivyoshuka.

"Nimefika, mama," alisema. "Nipo hapa."

"Basi inama."

Na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na kwa kuwa sehemu fulani ndani yake ilikuwa bado ya mtoto wa nyuma ya soko la ndizi, Mbaruku aliinama kweli. Aliinama katikati ya uwanja na simu sikioni, na ikawa mbele yake imesimama picha kubwa ya Mtukufu iliyowekwa kwa ajili ya sherehe.

Kwenye simu bangili za shanga zilikuwa zikigongana taratibu, kama za mtu anayepapasa.

"Inama zaidi," mama alisema. "Sikupati."

Akainama zaidi. Kofia ikaanguka. Saumu alisikika akinong'ona, mjomba, mkono wa bibi bado uko juu, mjomba sema kitu. Waziri Mavere, ambaye hakusikia yote hayo bali aliona tu mtumishi wa umma amejikunja mbele ya picha ya Mtukufu mpaka paji la uso linakaribia lami, alitokwa na machozi ya hamasa. Akaanza kupiga makofi. Bendi ikaacha vyombo ikapiga makofi. Abiria, askari, muuza chai na mzee aliyembana jogoo kwapani, wote wakapiga, na mtangazaji akapaza sauti kuwaambia wasikilizaji kwamba mwana na mama wamekutana, na kwamba hapa Milimbo hakuna jicho kavu.

Katikati ya kelele hizo Mbaruku aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, akasikia mama yake anaongea. Hakuwa akiongea naye tena.

"Saumu, nishushe mkono," alisema. "Hapa hakuna mtu."

Simu ikakatika. Mbaruku hakuinuka, kwa sababu Mtukufu alikuwa bado anasikiliza na makofi yalikuwa hayajaisha.